Yusuf bin Matathia, Mwandishi wa Khabari za Kuangamia Baitul-Maqdis

Wasomaji wetu wamezoea kusoma katika Suratul-Israa khabari za Bani Israil kufanya ufisadi katika ardhi mara mbili, na kupelekewa adui mara mbili. Baadhi ya wafasiri wamesema kuwa mara ya pili ni ile walipoletewa Warumi, wakauteketeza mji wa Baitul-Maqdis pamoja na Hekalu lake. Hayo yalikuwa mwaka 70 wa miladi, yaani zaidi ya miaka 550 kabla ya Hijra. Walakin ni wachache wanaojua kuwa khabari za vita vile zimetufikia kwa urefu kwa kalamu ya mtu mmoja, naye alikuwamo ndani yake tangu mwanzo mpaka mwisho, kwanza upande huu kisha upande ule. Huyo ndiye tutakayemweleza.

Jina lake ni Yusuf bin Matathia, na Wazungu humwita Flavius Josephus. Alizaliwa Baitul-Maqdis mwaka 37, mwaka ule ule alioshika enzi Kaisari Caligula. Baba yake alikuwa kuhani wa tabaka la kwanza katika yale matabaka 24 yaliyokuwa yakipokezana zamu za kutumikia Hekalu, na yeye mwenyewe akijinasibisha na wafalme wa Kihashmonai waliotawala kabla Warumi hawajaingia nchini mwaka 63 kabla ya miladi. Atwambia kuwa alipokuwa na umri wa miaka 14 wakubwa wa mji wakimwendea kumwuliza mas-ala ya sheria. Hayo ni maneno ya mtu juu ya nafsi yake, nasi twayapokea kwa kadiri hiyo, kwani kujisifu hakukuwa haba kwake.

Alipotimia miaka 16 alitaka kuyajua madhehebu ya watu wake kwa kuyaonja, si kwa kuyasikia. Mayahudi wakati ule walikuwa na makundi matatu makubwa. Mafarisayo walishika Taurati pamoja na mapokezi ya wazee, wakaamini kadari na hiyari pamoja, na malipo baada ya mauti. Hao ndio waliokuwa wakisikizwa na watu wa mji, na idadi yao ilizidi 6,000. Masadukayo walikuwa wachache, wengi wao matajiri na watu wa nyumba za makuhani wakuu. Walikataa mapokezi yasiyoandikwa, wakakanusha kadari na maisha ya baada ya kufa. Kundi la tatu ni Waesene, zaidi ya 4,000, waliotia mali yao katika mfuko mmoja, wakivaa nguo nyeupe na kuoga maji baridi kabla ya kula, wala hawakumpokea mgeni katika ushirika wao ila baada ya kumjaribu miaka mitatu. Hati za kale zilizovumbuliwa mwaka 1947 katika mapango ya Qumran, kando ya Bahari ya Chumvi, wanavyuoni wengi huzinasibisha na watu hawa.

Yusuf hakutosheka na hayo. Alikwenda jangwani kwa mcha Mungu mmoja aitwaye Bannus, asiyevaa ila kitokacho mitini wala kula ila kilichoota chenyewe, akakaa naye miaka mitatu. Kisha akarejea mjini akafuata njia ya Mafarisayo.

Kulikuwa na kundi la nne ambalo yeye hulichukia na kulilaumu kwa yote yaliyotokea. Hawa walianza mwaka 6, Warumi walipohesabu watu na mali ili watoze kodi; akasimama Yuda wa Galilaya akasema kuwa hakuna bwana ila Mungu, na kumlipa Kaisari ni utumwa. Miaka ilipopita wakatokea watu wenye majambia chini ya nguo, wakiwachoma Mayahudi wenzao katika msongamano wa sikukuu, kisha wakapiga mayowe pamoja na wapiga mayowe. Nasi twaona kuwa asli ya neno la Yuda haikuwa batili. Ubaya ulikuja pale jambia lilipomwacha Mrumi likamwelekea jirani.

Mwaka 64 au karibu yake Yusuf alisafiri kwenda Rumi kuwaombea makuhani aliowajua, ambao liwali wa Kirumi aliwapeleka wamefungwa kwa Nero. Jahazi yao ilizama baharini na watu kiasi cha 600. Wakaogelea usiku kucha, na alfajiri wakaokolewa na jahazi nyingine watu kama 80. Alipofika alijuana na mchezaji mmoja wa Kiyahudi aliyependwa na Nero, na kwa njia yake akamfikia Poppaea, mke wa Kaisari, na makuhani wakafunguliwa. Akarudi kwao ameiona nguvu ya Rumi kwa macho yake.

Akakuta mji unachemka. Mwaka 66 liwali Gessius Florus alitwaa talanta 17 katika hazina ya Hekalu, na watu walipolalamika aliwaua. Makuhani vijana wakaikata sadaka iliyokuwa ikichinjwa kwa ajili ya Kaisari, na huko ndiko kutangaza vita. Yusuf, naye ni kijana wa miaka 29, akapewa uamiri wa Galilaya. Mwaka 67 akaja Vespasian pamoja na mwanawe Titus na askari kiasi cha 60,000. Yusuf akazingiwa katika mji wa Jotapata siku 47, na mji ulipotekwa akajificha pangoni na watu 40. Wenzake wakataka kujiua. Akawahutubia kuwa roho ni amana ya Mungu na haifai kuirudisha kabla haijatakwa, hawakumsikiza. Hapo akashauri wapige kura wauane kwa zamu. Akabaki yeye na mtu mmoja, na hao wawili wakatoka wakajisalimisha. Ilikuwa bahati au ilikuwa hila, Mungu ndiye ajuaye. Alipofikishwa mbele ya Vespasian alimbashiria kuwa atakuwa Kaisari, na mwaka 69 ilipokuwa hivyo, mnyororo wake ukakatwa kwa shoka.

Wengi humwita haini kwa kuwa alijisalimisha. Sisi twaona kuwa aliyeshindwa vitani hana lawama kwa kubaki hai. Lawama ni ya yale yaliyofuata. Mwaka 70 alisimama chini ya kuta za mji wake mwenyewe, ni mkalimani wa Titus, akiwasihi jamaa zake wafungue milango, nao wakimtupia mawe hata moja likampiga akazimia.

Na ndani ya kuta mlikuwa na nini? Makundi matatu yenye silaha: Eleazar bin Simon ndani ya Hekalu, Yohana wa Gischala kando yake, na Simon bin Giora katika mji wa juu. Adui yuko karibu nao, nao wakipigana wao kwa wao, hata wakazichoma ghala za nafaka ambazo zingaliwatosha kwa miaka. Njaa iliyowaua waliitia moto kwa mikono yao. Msomaji asidhani twasema khabari za mtaa wake.

Hekalu likateketea mwezi wa Agosti. Yusuf asema kuwa Titus hakutaka, na kwamba ni askari mmoja aliyerusha kijinga cha moto. Sisi katika ilimu ya hadithi tumefundishwa kumtazama mpokezi kabla ya kuitazama khabari, na mpokezi huyu alikuwa akila mkate wa Titus. Baada ya vita aliomba vitabu vitakatifu akapewa, akawaombea ndugu yake na rafiki zake 50. Siku moja aliwaona watu watatu aliowajua wamesulubiwa njiani. Akalia mbele ya Titus, wakateremshwa, wawili wakafa na mmoja akapona.

Akaishi Rumi katika nyumba iliyokuwa ya Vespasian, ana uraia na mshahara. Mayahudi wote walilazimishwa kuitoa kwa sanamu la Jupiter ile sadaka ya drakma mbili waliyokuwa wakilipa Hekalu kila mwaka, na yeye mashamba yake ya Yahudiya yakasamehewa kodi. Huko aliandika kitabu cha vita, kisha tarikhi ya watu wake tangu kuumbwa ulimwengu, juzuu 20, aliyoimaliza mwaka 93 au 94, na kitabu cha kuwatetea Mayahudi juu ya wanaowatukana. Ametaja kuuawa kwa Nabii Yahya kwa amri ya Herod Antipas. Amma maneno yaliyomo humo juu ya Nabii Isa, wanavyuoni wa Kizungu wenyewe wengi wamekiri kuwa wanakili wa Kikristo wametia mkono.

Alifariki karibu na mwaka 100. Mayahudi walivipa mgongo vitabu vyake karne nyingi, na Wakristo ndio waliovihifadhi kwa Kiyunani. Katika karne ya 10 Yahudi mmoja wa Italia alitunga kwa Kiebrania tarikhi iliyotokana navyo, ikafasiriwa kwa Kiarabu na kujulikana kwa jina la Yusuf bin Kuryun. Na Ibn Khaldun alipoandika tarikhi yake, khabari za mwisho wa Baitul-Maqdis alizitoa humo.