Robertson, aliyewaonyesha watu mizuka kwa kitambaa cheupe

Jioni ya Januari 23, 1798, wakazi wa Paris walilipa kiingilio kwenda kuwatazama wafu. Ilikuwa miaka 5 na siku 2 tangu Mfalme Louis wa 16 akatwe kichwa hadharani katika mji huohuo, na familia nyingi zilikuwa na mtu wao aliyepotea katika ghasia za Mapinduzi ya Ufaransa. Katika ukumbi wa Pavillon de l'Échiquier taa zilizimwa, na gizani likatokea umbo jeupe, dogo, lililoelea hewani bila kushikwa na chochote. Likakua. Likaja mbele kwa kasi mpaka waliokaa viti vya kwanza wakajikunyata, kisha likatoweka.

Mwenye onyesho hilo alikuwa Étienne-Gaspard Robert, ambaye kwa ajili ya biashara alijiita Robertson. Alizaliwa mwaka 1763 mjini Liège, ulio Ubelgiji ya leo. Alisoma Leuven, akawa mwalimu wa fizikia aliyebobea katika elimu ya mwanga, lakini moyo wake ulikuwa kwenye uchoraji, na mwaka 1791 alihamia Paris kutafuta riziki kwa brashi. Sayansi haikumwacha. Alihudhuria mihadhara ya Jacques Charles, mwanafizikia mashuhuri wa wakati huo, na mwaka 1796 akaipelekea serikali pendekezo la ajabu: kutengeneza vioo vikubwa vya kukusanya jua, kama vile inavyosimuliwa kwamba Archimedes alifanya zamani, ili kuzichoma meli za kivita za Uingereza zikiwa bado baharini. Serikali ilikataa. Mwanga aliotaka kuutumia vitani akaupeleka ukumbini.

Taa ya kuonyesha picha haikuwa kitu kipya. Kwa zaidi ya miaka 100 wachuuzi walikuwa wakiibeba mgongoni kutoka mji hadi mji wa Ulaya: sanduku lenye taa ndani, kipande cha kioo kilichochorwa picha, na lenzi ya kuitupa picha hiyo ukutani. Watoto walifurahi, wakubwa walitoa sarafu, na hakuna aliyedanganyika, kwa sababu kila mtu aliliona sanduku na mwenye sanduku. Hata wazo la kulificha sanduku nyuma ya pazia halikuwa la Robertson. Mtu mwingine wa maonyesho, Philidor, alikuwa amewaonyesha watu wa Paris mizuka ya aina hiyo mwaka 1792 na 1793. Alichokifanya Robertson ni kulishika wazo hilo na kulishughulikia kama fundi, kitu kimoja baada ya kingine, akianzia kwenye kitambaa.

Hapo kila mwenye duka la vitambaa atamwelewa haraka. Taa ikiwa nyuma ya pazia na watazamaji mbele yake, kitambaa ndicho kinachoamua kila kitu. Kikiwa kizito, mwanga unakwama upande wa nyuma, na mtazamaji anaona kivuli tu kilichofifia. Kikiwa chepesi mno, kama shashi, mwanga unapita kwenye matundu ya mfumo bila kukamatwa: picha inakuwa hafifu, na kibaya zaidi, mtazamaji anaiona lenzi yenyewe ikimeremeta kama jicho la paka. Mzuka umekwisha hapo, na mteja atadai pesa yake. Kinachotakiwa ni kitambaa kinachopitisha mwanga lakini hakimwonyeshi aliye nyuma.

Robertson alichagua pamba nyeupe iliyofumwa kwa uzi mwembamba na kubanwa vizuri, ile ambayo Wafaransa waliiita perkali. Kwenye maduka ya Afrika Mashariki ndugu yake wa karibu ni bafta, na hilo si ajabu, kwa kuwa vitambaa hivyo vyote vina asili katika biashara ya India, na neno bafta lenyewe lilitoka Kiajemi, likiwa na maana ya kilichofumwa. Ufaransa iliwahi kupiga marufuku pamba za India zilizotiwa nakshi, kuanzia 1686 hadi 1759, ili kuwalinda wafumaji wake. Marufuku hiyo ilizaa magendo kwa miaka zaidi ya 70, na wanawake waliendelea kuzivaa. Robertson alizaliwa miaka 4 tu baada ya kizuizi hicho kuondolewa.

Perkali peke yake haikumtosha. Aliipaka mchanganyiko wa wanga mweupe na gundi safi ya mgunga. Wanga huo ni uleule wa kukakamazia kanzu, na gundi ni ileile ambayo leo inauzwa nje kwa wingi na Sudan na kuvunwa pia kaskazini mwa Kenya. Enzi hizo Wafaransa waliipata hasa kupitia pwani ya Senegal. Mchanganyiko ule uliziba matundu madogo kati ya uzi na uzi. Mwanga haukuweza tena kupenya moja kwa moja. Ulikamatwa na kusambaa sawasawa kwenye kitambaa chote. Picha ikang'aa, lenzi ikapotea. Pazia lilikuwa na upana wa futi 20 hivi, na mtazamaji hakupewa nafasi ya kuliona: lilifunikwa kwa pazia jeusi ambalo halikuondolewa mpaka giza liwe limeingia. Asiyejua kwamba mbele yake kuna kitambaa hawezi kufikiri kwamba anatazama kitambaa.

Mengine yalifuata. Vile vioo vya picha alivipaka rangi nyeusi kuzunguka umbo lote, ili pasipite mwanga ila pale palipochorwa, na umbo lionekane likielea bila fremu. Sanduku la taa alilipandisha juu ya magurudumu. Likisogezwa mbali na pazia, picha hukua, na macho ya aliye gizani husema kinakuja. Likisogezwa karibu, picha hupungua, na macho husema kinakimbia. Tatizo ni kwamba sanduku likitembea picha hupoteza ukali, na mwanga nao hubadilika. Kwa hiyo aliunganisha mtambo wa kurekebisha lenzi na kipimo cha mwanga kwa pamoja wakati sanduku likiwa kwenye mwendo. Chombo hicho alikiita fantaskopu. Mara nyingine aliacha kitambaa kabisa, akatupa picha kwenye moshi.

Hesabu yake bado inatumika. Kila inapokaribia usiku wa Halloween, Oktoba 31, watu wa Marekani na nchi nyingine hutafuta kitambaa chepesi cha kuning'iniza dirishani au sebuleni ili waonyeshe mizuka kwa projekta ndogo. Wanaochukua neti ya shela ya harusi wanapata umbo linaloelea vizuri, lakini sehemu kubwa ya mwanga hupita na kuchora picha ya pili ukutani, hivyo ukuta wa nyuma lazima uwe mweusi au mbali, na projekta ikae pembeni isitazamane na watu. Wanaochukua kitambaa kilichobana kidogo, kama voili nyeupe au shuka nyembamba, wanapata picha angavu ila kitambaa chenyewe huonekana. Robertson alitaka vyote viwili, ndiyo maana akapika wanga.

Biashara yake ya kwanza haikudumu. Inasimuliwa kwamba jioni moja mtazamaji alisimama na kumwomba amfufue Louis wa 16. Robertson alijibu kwa mzaha wa kukwepa, lakini neno likawa limeshatoka ukumbini. Katika nchi iliyomuua mfalme wake na bado kuogopa kurudi kwa ufalme, huo haukuwa mchezo. Wakubwa waliufunga ukumbi, na yeye akaenda Bordeaux kusubiri hasira zipoe.

Aliporudi Paris alikuta mizuka yake inafanya kazi bila yeye. Wasaidizi wake wawili, waliokuwa wakisukuma sanduku na kuzima taa, walikuwa wameendelea na onyesho na kupokea viingilio. Hawakuhitaji kuiba kitu chochote kizito. Walishajua kitambaa gani, kimepakwa nini, na sanduku linasogezwa vipi.

Hakuwafuata kwa ngumi. Januari 3, 1799 alifungua onyesho jipya mahali pazuri zaidi: nyumba ya watawa wa Capucines karibu na Place Vendôme, iliyoachwa tupu baada ya Mapinduzi kuwafukuza wenyewe. Mteja alipita kwanza kwenye korido zenye giza, akaonyeshwa maajabu ya umeme, ndipo akafika chumba kilichofunikwa vitambaa vyeusi. Taa ya mwisho ilizimika. Muziki wa bilauri za kioo ukalia, ngurumo ikafuata, kisha wakaja Voltaire, Marat, Robespierre akiinuka kaburini, mtawa anayevuja damu, na kichwa cha Medusa. Jambo moja lilimtofautisha na waganga wa mitaani: aliwaambia watazamaji kwamba hakuna uchawi pale, kwamba wanachokiona ni kazi ya mwanga, na kwamba makuhani wa kale waliwatawala watu kwa hila za namna hiyo. Baada ya kuyasema hayo aliwatisha vilevile. Walirudi kwa miaka kama minne.

Machi 17, 1799 alipata hati ya uvumbuzi ya fantaskopu, chini ya sheria ambayo Ufaransa ilikuwa imeitunga mwaka 1791. Akiwa na hati mkononi aliwashtaki wasaidizi wake wa zamani. Uamuzi huo unaeleweka: alikuwa ametumia miaka, na wao walikuwa wakila jasho lake mji uleule. Lakini kesi ya aina hiyo haiendi bila maelezo. Ili mahakama ijue kilichoibwa, ilibidi kielezwe. Sanduku, magurudumu, vioo vyenye rangi nyeusi, pazia lenye gundi, vyote vilitajwa mbele ya watu, na waliokuwa wakijiuliza kwa miaka miwili jinsi inavyofanyika wakapata jibu bila kulipa kiingilio.

Baada ya hapo maonyesho ya mizuka yalichipuka kila mahali. Mwaka 1801 London ilikuwa na lake katika ukumbi wa Lyceum, na miaka michache baadaye yakawa yamevuka bahari hadi New York. Wasaidizi wawili walikuwa tatizo dogo kumbe. Angenyamaza, angebaki na washindani wawili wa Paris. Kwa kudai haki yake alijipatia washindani wa dunia nzima. Hata hivyo, angenyamaza mpaka lini? Wawili wale nao wangepata wasaidizi wao.

Yeye alichagua kusafiri. Alibeba mizuka yake na puto la kurukia angani kupita Ujerumani, Urusi, Denmark na nchi nyingine, akikusanya watu viwanjani mchana na ukumbini usiku. Julai 18, 1803 alipaa kutoka Hamburg na mwenzake Lhoest, akadai kufika kimo cha zaidi ya mita 7,000. Mwaka uliofuata alipaa Saint Petersburg pamoja na mwanasayansi Zakharov wa chuo cha sayansi cha Urusi, safari iliyokuwa ya utafiti kweli, si maonyesho. Wanawe nao wakawa warusha puto.

Uzeeni aliandika kumbukumbu zake katika juzuu mbili, ya kwanza mwaka 1831 na ya pili 1833. Humo aliyaandika mwenyewe mambo aliyowahi kuyaficha, pamoja na kitambaa na dawa yake. Alifariki Julai 2, 1837 huko Batignolles, pembeni ya Paris, akazikwa katika makaburi ya Père Lachaise. Kaburi lake ni refu, lina mafuvu yenye mabawa, na pande mbili zimechongwa picha. Upande mmoja umati unatazama juu, puto linapaa. Upande mwingine watu wamejikunyata, kiunzi cha mifupa kinawajia.