Maxim alianza kwa kushindwa, nasi tusione haya kuanza

Mababu zetu walilijua jina la Maxim kwa machungu. Bombomu aliyoibuni Hiram Stevens Maxim mnamo 1884, bunduki iliyomimina risasi mfululizo bila ya mpigaji kuijaza tena na tena, ndiyo iliyowapa wakoloni nguvu ya kuuzima upinzani wa Wanandi katika miaka ya 1905 na 1906. Yamkini hakuna jina la Mmarekani lililoacha makaburi mengi zaidi katika bara hili kwa wakati ule.

Hata hivyo, mtengeneza silaha huyo alikuwa na mwana, naye aliitwa Hiram vilevile: Hiram Percy Maxim. Mwana huyu alitumia miaka zaidi ya ishirini ya maisha yake kuwawezesha watu wasiojuana, wa miji na mataifa mbalimbali, kuzungumza kwa njia ya hewa bila ya kulipana hata senti. Nimeona vyema kumsimulia leo kwa sababu nimepata kuulizwa na vijana, si mara moja, jinsi mtu anavyoweza kuingia katika redio ya ridhaa, na kila anayeuliza huanza na swali la fedha: mtambo unagharimu kiasi gani? Nadhani swali hilo limeanzia mkiani. Maisha ya Maxim yanatuonyesha kichwa kilipo.

Kwanza tuelewane kuhusu neno lenyewe. Kama vile bondia wa ridhaa anavyopanda ulingoni bila ya kutarajia malipo, ndivyo mwanaredio wa ridhaa anavyopanda hewani. Hatangazi habari wala muziki kwa umma, hauzi kitu, wala hafanyi kampeni. Ana leseni ya serikali, ana alama yake ya mwito isiyofanana na ya mtu mwingine duniani, na kazi yake ni kuwasiliana na wenzake, kujifunza ufundi, na kuwa tayari kusaidia pindi njia nyingine za mawasiliano zinapokatika.

Hiram Percy alizaliwa Brooklyn, New York, tarehe 2 Septemba 1869. Baba yake alikwenda Ulaya mwanawe akiwa na umri wa takriban miaka kumi na miwili, akaishia kufanya makao yake Uingereza, na kijana akakulia kwa mamaye. Alikuwa na akili nyepesi ya ufundi. Mnamo 1886, kabla hajatimiza miaka kumi na saba, alikuwa amekwisha kuhitimu katika chuo cha ufundi cha MIT. Kuanzia 1895 aliajiriwa mjini Hartford, katika jimbo la Connecticut, na kampuni ya Pope iliyojulikana kwa baiskeli, akawa miongoni mwa wahandisi wa mwanzo wa magari nchini Marekani. Kisha akabuni kifaa cha kunyamazisha mlio wa bunduki, akapewa hataza yake mnamo 1909. Baba aliipa dunia bunduki yenye kelele kuliko zote. Mwana akatafuta namna ya kuinyamazisha. Hata hivyo, siyo kazi hiyo iliyomfanya akumbukwe na wengi.

Maxim aliingia katika redio akiwa mtu mzima, mwenye familia na kiwanda. Zama zile redio haikuwa kifaa cha kusikilizia nyimbo sebuleni. Ilikuwa cheche za umeme zilizorushwa kwa nukta na vistari vya Morse, na waliozichezea walikuwa aghalabu vijana wa shule waliojijengea mitambo kwa mikono yao. Serikali haikuwapenda sana. Sheria iliyopitishwa mnamo 1912, mwaka ulio huo ambao meli ya Titanic ilizama, iliwasukumia kwenye mawimbi yenye urefu wa mita 200 kushuka chini, na kuwawekea mpaka wa nguvu wa kilowati moja. Wataalamu wa siku hizo waliamini kwamba mawimbi mafupi hayana faida. Ya maana ni marefu tu. Wanaridhaa, kwa hiyo, walitupiwa makombo.

Sasa tufike kwenye kisa chenyewe. Mnamo Aprili 1914 Maxim alikuwa na umri wa miaka 44 na kituo kizuri cha kilowati moja mjini Hartford. Alitaka kununua vali ya kupokelea mawimbi, kifaa kilichokuwa adimu wakati huo, kutoka kwa mwanaridhaa wa Springfield, jimbo la Massachusetts. Umbali ni takriban kilomita 40 tu, sawa na kutoka Nairobi hadi Thika. Akaita, asisikike. Akaita tena, kimya. Mtu mwenye mali kama yeye angeweza kuagiza mtambo mkubwa zaidi, lakini sheria ilikwisha kumwekea mpaka.

Ndipo alipokumbuka kwamba katikati ya njia, kwenye mji mdogo wa Windsor Locks, kulikuwa na mwanaridhaa mwingine. Akamwita huyo, akaitikiwa, akamwomba aupokee ujumbe na kuusukuma mbele hadi Springfield. Ujumbe ukafika.

Msomaji anaweza kusema kwamba hilo ni jambo dogo. La hasha! Maxim aliona pale pale kwamba nguvu ya mwanaredio haimo katika mtambo wake bali katika jirani yake. Ikiwa jirani mmoja anaweza kukufikisha kilomita 40, majirani mia waliokubaliana wanaweza kukufikisha upande wa pili wa bara. Akaupeleka wazo hilo kwenye chama cha redio cha Hartford, na Mei 1914, akishirikiana na kijana Clarence Tuska ambaye hakuwa hata ametimiza miaka ishirini, akaanzisha shirika la kupokezana ujumbe linalojulikana hadi leo kwa herufi ARRL. Mhandisi wa makamo na barobaro walikaa meza moja, na hakuna aliyemwona mwenziwe mdogo. Desemba 1915 wakatoa jarida lao, QST. Ilipofika Februari 1917 wanaridhaa waliweza kupeleka ujumbe kutoka pwani ya mashariki ya Marekani hadi pwani ya magharibi na kupata jibu kwa muda wa saa moja na dakika ishirini, kila mmoja akimpokeza mwenzake.

Miezi miwili baadaye Marekani iliingia vitani na vituo vyote vya ridhaa vikafungwa. Vita vilipokwisha mnamo 1918, Jeshi la Wanamaji lilitaka redio yote iwe chini ya mamlaka yake, na mswada wa kulitimiza hilo ukapelekwa bungeni. Iwapo ungepita, historia ya redio ya ridhaa nchini humo ingekoma hapo. Maxim alikwenda Washington kuwatetea wenzake mbele ya wabunge, huku wanachama wakiwaandikia wawakilishi wao. Mswada ukaanguka. Oktoba 1919 wanaridhaa wakarudi hewani, ingawa hazina ya chama ilikuwa karibu tupu na iliwabidi wanachama wachange mkopo ili jarida lifufuke.

Ndipo yale makombo yalipogeuka karamu. Mnamo 1921 chama kilimtuma fundi Paul Godley hadi Ardrossan, kwenye ufuo wa Uskoti, akakaa ndani ya hema katika baridi ya Desemba akisikiliza. Akavisikia vituo vya wanaridhaa wa Marekani kutoka ng'ambo ya Atlantiki. Novemba 1923, wanaridhaa wa Connecticut waliwasiliana na Léon Deloy wa Nice, Ufaransa, wakatumiana ujumbe huku na huku kwa mawimbi ya takriban mita 100, yale yale yaliyodhaniwa kuwa hayafai kitu. Sababu yake ilikuja kueleweka vyema baadaye: kuna tabaka za juu angani ambazo huyarudisha mawimbi mafupi chini, mithili ya mpira unaodunda darini, yakaangukia mbali sana na yalikotoka.

Makampuni na serikali zilikimbilia mawimbi hayo upesi. Sisi wenyewe tuliyafaidi. Idhaa ya Kiswahili ya BBC iliyoanza mnamo 1957, na ile ya Deutsche Welle iliyoanza mnamo 1963, zilitufikia vijijini kwa mawimbi mafupi. Mzee aliyekuwa akiinua redio yake dirishani jioni ili kuivuta London alikuwa akivuna shamba lililolimwa na wanaridhaa, na aghalabu hakulijua hilo.

Aprili 1925, wajumbe kutoka nchi zaidi ya ishirini walikutana Paris wakaunda umoja wa wanaridhaa wa dunia, wakamchagua Maxim kuwa rais wa kwanza. Lakini sifa hazikumlevya. Kwa miaka mingi aliandika katika jarida la chama makala ya kuchekesha na ya ukali kwa jina la kupanga, akijiita Mzee, akiwakemea wanaopanda hewani bila ya kusikiliza kwanza, wanaoita ovyo, na wanaowaziba wenzao midomo kwa kelele. Wasomaji hawakujua kwamba Mzee huyo ndiye rais wao. Siri ilifichuka alipokwisha kufa. Aliaga dunia tarehe 17 Februari 1936 mjini La Junta, jimbo la Colorado, alipougua akiwa safarini kuelekea California. Alama yake ya mwito, W1AW, haikuzikwa naye. Ilipewa kituo cha chama chake, na ingali inasikika hadi leo kutoka Newington, Connecticut.

Sasa nirudi kwa vijana wangu wanaouliza bei. Kuna pia wanaouliza swali jingine: redio ya nini, na simu ya mkononi imo mfukoni? Nawajibu hivi. Maxim naye alikuwa na simu. Mji wa New Haven, katika jimbo lilo hilo la Connecticut, ulifungua kituo cha kuunganishia simu za biashara tangu 1878. Angeweza kupiga simu Springfield au kutuma barua, vali ikaja na mambo yakaisha. Lakini hapo asingejifunza lolote, wala asingemjua mtu wa Windsor Locks kuwa ni jirani yake. Simu ya mkononi ni mali ya kampuni. Minara ikizimika, imezimika. Mwanaridhaa mwenye waya, betri na ujuzi anaitegemea mbingu, na mbingu haina bili. Tena anaujua mtambo wake kama mkulima anavyolijua shamba lake, ilhali wengi wetu tunavitumia vifaa ambavyo hatujui hata viwili vitatu kuhusu vinavyofanya kazi.

Basi na aanze hivi. Mosi, asikilize. Redio ya zamani yenye mawimbi mafupi, ambayo huenda imelala kwenye sanduku la babu, itamfunza jinsi usiku unavyofungua masafa ambayo mchana huyafunga. Ikiwa inaweza kupokea namna ya sauti wanayotumia wanaridhaa, atawasikia wakiitana. Pili, awatafute waliomtangulia. Kenya ina chama chake cha redio ya ridhaa, na alama za mwito za wanaridhaa wetu huanza na 5Z4. Mwalimu mmoja mwenye subira ana thamani kuliko mtambo wa bei ghali. Tatu, asome kanuni na misingi ya umeme, kisha aombe leseni kwa Halmashauri ya Mawasiliano. Kurusha mawimbi bila ya leseni ni hatia, na kunawaharibia jina waliofuata sheria. Morse si sharti tena la kimataifa tangu 2003, ingawa anayeijua hufika mbali kwa nguvu ndogo. Nne, ajenge antena yake mwenyewe. Kwa mawimbi ya mita 40 anahitaji waya wa takriban mita 20 uliokatwa katikati, nusu huku na nusu huku, na miti miwili ya kuutundika. Mtambo wa kurushia uje mwisho, tena wa mitumba hautamwaibisha.

Walimu nao wana sehemu yao. Shule ya upili yenye maabara ya fizikia, mwanafunzi mwenye hamu na mlezi mwenye leseni, imekwisha kupata klabu. Nashangaa tunapolia kwamba vijana wetu ni watumiaji tu wa uvumbuzi wa wengine, ilhali hatuwapi hata waya wa kutundika mtini.

Jina la Maxim lilitufikia kwanza kwa mtutu. Tukitaka, linaweza kutufikia mara ya pili kwa njia nyingine, kupitia kijana wa Kitale au wa Kwale anayeita usiku, asisikike, akaita tena, kisha akakumbuka kwamba kuna jirani katikati ya njia. Kushindwa kilomita 40 si aibu. Aibu ni kuona haya kumwomba jirani aupokee ujumbe.