Cheo cha Heshima Hakikumlinda Kabaka

Hapa Gachoka, sawa na kwingineko Mbeere na Embu, wahenga wetu hawakuwa na mfalme. Mambo yao yaliamuliwa na mabaraza ya wazee na marika. Chifu mwenye sare na beji aliletwa na serikali ya kikoloni. Yamkini basi mwanafunzi wa huku, asomapo habari za Kabaka Mutesa wa Pili wa Buganda, huduwazwa na vyeo alivyovikwa. Inafaa ajiulize vyeo hivyo vilimfaa nini.

Mutesa alizaliwa tarehe 19 Novemba 1924. Alirithi kiti mwaka 1939, babake Daudi Chwa alipofariki, akatawazwa Budo mwaka 1942. Mwaka 1945 alikwenda kusoma Cambridge. Waingereza walimfanya kapteni wa heshima katika Grenadier Guards, kikosi cha walinzi wa mfalme wao, maarufu kwa makoti mekundu na kofia ndefu za manyoya. Alama za mabegani zilimtangaza kuwa mwenzao.

Hata hivyo, tarehe 30 Novemba 1953, Gavana Andrew Cohen alimhamishia Uingereza kwa ndege, kwa kuwa alipinga siasa za serikali kuhusu mustakabali wa Buganda. Kapteni wa walinzi wa Malkia akawa mhamishwa katika nchi ya Malkia huyo huyo! Aliporejea Oktoba 1955, hakurejeshwa na sare, bali na msimamo wa Waganda waliokataa Kabaka mwingine.

Mwaka 1963 alifanywa Rais wa Uganda, na kwa jina akawa amiri jeshi mkuu. Amri zenyewe zilibaki mikononi mwa Waziri Mkuu Milton Obote. Mapema 1966 Obote alimwondoa urais, na tarehe 24 Mei jeshi likiongozwa na Idi Amin likashambulia jumba lake la Mengo. Mutesa alitoroka, akafia London tarehe 21 Novemba 1969, siku mbili baada ya kutimiza miaka 45. Mwaka 1971 maiti yake ilirudishwa, ikazikwa Kasubi.

Walimu wenzangu, katika sarufi kivumishi huweza kuipunguza maana ya nomino. Ndivyo lifanyavyo neno heshima likifuata cheo: humwachia mtu nishani, likamnyima askari. Tuwafunze vijana kuuliza, mbele ya kila sare, ni nani hasa atoaye amri.