Bibi Zubeda na Maji ya Makka

Wengi wetu humjua Bibi Zubeda kwa zile hadithi za Alfu Lela Ulela tu, yumo ndani ya majumba ya Baghdad na hariri na vito vyake. Hayo hayamtoshi. Bibi huyu, mjukuu wa Khalifa Abu Jaafar al-Mansur, na mke wa Khalifa Harun Rashid tangu mwaka 165 wa Hijra (781), aliacha kazi iliyowanywesha watu zaidi ya miaka elfu.

Zama hizo Makka ilikuwa na dhiki ya maji. Visima vilikuwapo, na Zamzam ilikuwapo, lakini wenyeji na mahujaji walikuwa wengi. Yasimuliwa kuwa kiriba kimoja kilifika kuuzwa dinari nzima. Bibi Zubeda aliwaita wajuzi wa maji wapime ardhi. Nao hawakuchimba kisima kimoja kikubwa wakaridhika. Waliyafuata maji mpaka asili yake, upande wa Hunayn na Wadi Nuuman, wakayaongoza kwa mfereji wa mawe wenye mteremko mdogo, yapate kwenda yenyewe bila ya mnyama wala mtu wa kuteka. Na juu ya mfereji waliacha midomo kama ya visima, kila baada ya masafa, ili fundi ashuke kuzoa mchanga na kuziba nyufa. Tazama busara hiyo: aliyejenga alikwisha kumfikiri atakayesafisha.

Njia ya mahujaji kutoka Kufa pia ilitiwa visima na mabirika, hata ikaitwa kwa jina lake. Mabirika mengine yalikuwa na birika dogo la mbele, maji ya mafuriko yatue hapo kwanza, yaache tope, ndipo yaingie katika birika kubwa.

Yasimuliwa tena kuwa makarani walipomletea daftari za gharama alizitupa katika mto Dijla, akaiacha hesabu kwa Siku ya Hesabu. Ukarimu huo ni wake, na mali ilikuwa yake. Mwenye kushika fedha za kisima cha mtaa, zilizochangwa na mayatima na wajane, hana ruhusa ya kuiga kitendo hicho!

Mwanawe, al-Amin, aliuawa mwaka 813 katika vita vya kugombea ukhalifa. Mwenyewe alifariki Baghdad mwaka 216 wa Hijra (831), Mungu amrehemu.

Mfereji wake uliziba na kubomoka mara nyingi kwa mafuriko, na kila ulipoachwa bila matengenezo, dhiki ilirudi Makka. Katika dola ya Uthmaniya, binti Sultan Suleiman, Mihrimah, alitoa mali utengenezwe. Mafundi wakapasua majabali, wakiwasha moto juu ya mwamba ili ulainike, hata maji yakaingia mjini mwaka 979 wa Hijra. Uliendelea kutumika mpaka karne ya ishirini, ndipo Makka ikaanza kuletewa maji ya bahari yaliyotolewa chumvi. Kuta zake zaonekana hata leo karibu na Arafa.