James Braidwood: Mzimamoto ambaye kifo chake kilibadili usimamizi wa huduma hiyo London

James Braidwood, mmoja wa waasisi wa huduma ya kisasa ya zimamoto nchini Uingereza, alizaliwa mwaka 1800 mjini Edinburgh, Scotland. Mwaka 1824, akiwa na umri wa miaka 24, alikabidhiwa uongozi wa kikosi kipya cha zimamoto cha mji huo. Mwaka huohuo moto mkubwa uliteketeza sehemu ya Edinburgh, na amri zilizotolewa na viongozi wengi kwa wakati mmoja zikavuruga kazi. Baada ya tukio hilo, ilikubalika kuwa mwenye kuamuru penye moto awe mkuu wa kikosi peke yake.

Mwaka 1833 Braidwood alihamia London kuongoza kikosi kilichoundwa na kampuni za bima. Kikosi hicho kiligharamiwa na kampuni hizo, nazo ndizo zilizoamua idadi ya askari, vituo na vifaa. Kiliwasaidia hata wasio na bima, lakini hakikuwajibika kisheria kwa wananchi. Mwaka 1834 jengo la Bunge lilipoungua, kampuni ziliiomba Serikali ibebe jukumu hilo, lakini ombi halikukubaliwa.

Tarehe 22 Juni, 1861, moto ulizuka katika maghala ya mtaa wa Tooley, kando ya Mto Thames. Braidwood alikuwa akiwahudumia askari wake ukuta ulipomwangukia na kumuua. Moto huo uliendelea kwa takribani wiki mbili, na hasara yake ilikadiriwa kuwa pauni milioni 2. Kampuni za bima ziliiarifu Serikali kwamba haziwezi tena kuubeba mzigo huo peke yake.

Bunge lilitunga sheria mwaka 1865, na kuanzia Januari 1, 1866, zimamoto ya London ikawa chini ya Bodi ya Kazi za Umma ya jiji. Gharama ziligawanywa kati ya kodi za wakazi, michango ya kampuni za bima na ruzuku ya Serikali. Mwaka 1889 usimamizi ulihamia kwa Baraza la Mkoa wa London, ambalo wajumbe wake walichaguliwa na wananchi.

Braidwood hakuishi kuyaona mabadiliko hayo. Hata hivyo, tangu hapo mkazi wa London, awe na bima au asiwe nayo, alipata chombo cha umma cha kukihoji kuhusu usalama wa nyumba yake.