Tevfik Esenç: Mzee aliyeaga na lugha ya wazee wake

MNAMO Oktoba 7, 1992, mzee mwenye umri wa takribani miaka 88 aliaga dunia nchini Uturuki. Jina lake lilikuwa Tevfik Esenç.

Hakuwa mfalme wala jemadari. Aliwahi kuhudumu kwa kipindi kimoja kama mkuu wa kijiji chake, kisha akaajiriwa katika utumishi wa umma jijini Istanbul. Hata hivyo, kifo chake kimenakiliwa katika vitabu vya isimu kote ulimwenguni, kwa kuwa ndiye aliyekuwa mtu wa mwisho kuzungumza kwa ufasaha lugha ya Kiubykh.

Aghalabu lugha hufifia polepole kiasi kwamba hakuna ajuaye siku ilipokata roho. Kiubykh ni miongoni mwa lugha chache mno ambazo siku ya kufa kwazo inajulikana.

Ili kufahamu uzito wa msiba huo, hatuna budi kurejea karne ya 19, katika pwani ya kaskazini mashariki ya Bahari Nyeusi, panapopatikana leo mji wa Sochi nchini Urusi. Huko ndiko walikoishi Waubykh, katika mabonde na miteremko ya milima ya Kaukazi inayoikaribia bahari. Kusini mwao walikuwa Waabkhazia, na kaskazini mwao Wacherkesi.

Waubykh walikuwa wachache wakilinganishwa na Wacherkesi, na wengi wao walikimudu Kicherkesi sambamba na lugha yao wenyewe. Jambo hilo lilikuwa la kawaida miongoni mwa majirani waliooana na kufanya biashara pamoja, lakini lingekuja kuwa na athari kubwa baadaye.

Kwa miongo mingi, milki ya Urusi ilipigana vita ili kuyatwaa maeneo hayo. Waubykh walikuwa miongoni mwa watu wa mwisho kusalimu amri. Mei 21, 1864, majeshi ya Urusi yalisherehekea ushindi wao katika bonde ambalo sasa huitwa Krasnaya Polyana. Huenda wapenzi wa michezo wakalikumbuka jina hilo, kwani ndiko yalikofanyika mashindano ya kuteleza kwenye theluji wakati wa Olimpiki za majira ya baridi za mwaka 2014.

Walioshindwa waliwekewa njia mbili: kuteremka na kuishi nyanda za chini chini ya utawala wa Urusi, au kuihama nchi na kuelekea Dola ya Uthmaniya. Takribani Waubykh wote walihama. Walisongamana katika merikebu, na wahamiaji wengi wakafa kwa njaa na maradhi, baharini na katika kambi za bandari za Trabzon na Samsun. Walionusurika walitawanywa katika vijiji mbalimbali vya Anatolia, mara nyingi pamoja na Wacherkesi waliofukuzwa kama wao.

Ni katika kijiji kimojawapo cha namna hiyo, Hacı Osman, wilayani Manyas, mkoani Balıkesir, kusini mwa Bahari ya Marmara, ambako Esenç alilelewa baada ya kuzaliwa mwaka 1904. Miaka 40 pekee ilikuwa imepita tangu uhamisho ule.

Kwa muda fulani wa utoto wake, mtoto Tevfik alilelewa na babu na nyanya yake, ambao walizungumza Kiubykh nyumbani. Hilo ndilo lililoyaamua maisha yake yote. Watoto wengi wa rika lake waliipata lugha hiyo nusunusu, ikiwa imechanganyika na Kicherkesi na Kituruki. Yeye aliipokea kutoka kwa kizazi cha babu, kabla haijachuja.

Alipokuwa mtu mzima, alizimudu lugha tatu: Kiubykh, Kituruki na lahaja ya Kicherkesi iitwayo Kihakuchi. Kwa hakika alijua vyema mpaka wa kila moja, wala hakupenda zichanganywe. Neno la Kituruki lilipojipenyeza katika Kiubykh, alilitambua. Ndiyo sababu wataalamu waliokuja baadaye waliuchukulia usemi wake kuwa kitu kilichokaribia zaidi Kiubykh sanifu, katika lugha ambayo haikuwahi kuwa na shule, magazeti wala maandishi yake rasmi.

Lakini je, ni lugha ya aina gani iliyowafanya wasomi wa Ulaya wafunge safari hadi vijiji vya Manyas?

Lugha za asili za Kaukazi hugawanywa katika makundi matatu. Lipo kundi la kusini, ambamo mna Kijojia. Lipo la kaskazini mashariki, lenye lugha kama vile Kichechnya na Kiavari. La tatu ni la kaskazini magharibi, ambalo ni dogo lakini lenye maajabu mengi. Ikumbukwe kwamba jina hilo la pamoja ni la kijiografia tu. Hakuna aliyefaulu kuthibitisha kwa njia iliyokubalika na wote kuwa makundi hayo matatu yametokana na mzazi mmoja.

Kundi la kaskazini magharibi lina lugha tano: Kiabkhazia, Kiabaza, Kiadyghe, Kikabardi na Kiubykh. Kiabkhazia na Kiabaza ni ndugu wa karibu. Kiadyghe na Kikabardi nazo zinakaribiana mno hivi kwamba huitwa kwa pamoja Kicherkesi. Kiubykh husimama peke yake kama tawi la tatu katikati ya matawi hayo mawili, jinsi wasemaji wake walivyoishi katikati ya mataifa hayo mawili.

Nafasi hiyo ina thamani kubwa katika isimu linganishi. Kiabkhazia na Kiadyghe zinapotofautiana kuhusu neno fulani, mtaalamu hana njia rahisi ya kujua ni ipi iliyohifadhi umbo la kale. Akiwa na Kiubykh, anapata shahidi wa tatu wa kumsaidia kukata shauri.

Fauka ya hayo, Kiubykh kilikuwa na utajiri wa sauti usio na kifani. Wakati Kiswahili kina irabu tano na konsonanti zisizofika 30, Kiubykh kilikuwa na konsonanti zaidi ya 80. Hesabu inayotajwa mara nyingi ni 84. Miongoni mwazo, takribani 20 zilitamkwa nyuma kabisa ya kinywa, penye kidakatonge. Kwa upande mwingine, wataalamu wengi husema irabu zake za msingi zilikuwa mbili tu. Ukiziondoa lugha za kusini mwa Afrika zenye sauti za kualika ulimi, hakuna lugha nyingine inayojulikana iliyokuwa na konsonanti nyingi kiasi hicho.

Kitenzi chake nacho kilikuwa kama sentensi nzima. Msomaji wa Kiswahili hatashangaa sana, maana katika neno moja kama nimekuandikia tunampata mtenda, wakati, mtendewa na tendo lenyewe. Kitenzi cha Kiubykh kilikwenda mbali zaidi. Kiliweza kubeba kwa pamoja alama za anayetoa, kinachotolewa na anayepewa, pamoja na viambishi vya mahali, namna na nyakati.

Mtaalamu aliyejitolea zaidi kwa ajili ya lugha hiyo alikuwa Mfaransa Georges Dumézil, aliyezaliwa mwaka 1898. Kati ya mwaka 1925 na 1931 alifundisha katika Chuo Kikuu cha Istanbul, na alipokuwa huko akawagundua wazee waliokuwa bado wakizungumza Kiubykh. Kitabu chake kuhusu lugha hiyo kilitoka mwaka 1931. Baadaye alipata umaarufu mkubwa kwa utafiti wake juu ya visasili vya mataifa ya kale ya Ulaya, Uajemi na India.

Katika miaka ya 1950, Dumézil aliirudia kazi ya Kiubykh. Wazee wengi wa awali walikuwa wamekwisha kufariki. Ndipo ushirikiano wake na Esenç, ambaye wakati huo alikuwa na umri wa takribani miaka 50, ulipoanza.

Esenç alikuwa na kumbukumbu ya ajabu. Zaidi ya hayo, alielewa upesi walichokuwa wakikitafuta wageni wake. Kazi ya namna hiyo huchosha: kutaja neno lile lile mara nyingi, kukinyambua kitenzi kimoja kwa nafsi zote na nyakati zote, kisha kumsikiliza mgeni akikosea na kumrekebisha. Katika lugha ambayo konsonanti mbili zinaweza kutofautiana kwa kuviringa midomo tu, uzembe mdogo wa mzungumzaji ungeweza kuharibu kazi ya miaka.

Wapo na wengine waliomwendea. Hans Vogt wa Norway alichapisha kamusi ya Kiubykh mwaka 1963. Mfaransa Georges Charachidzé na Mwingereza George Hewitt nao walifanya kazi naye, sawa na mwanaisimu wa Uturuki, Sumru Özsoy. Pamoja na sarufi, walipata kwake hadithi, mila na desturi za watu wake.

Mwaka 1975 kulichapishwa nchini Ufaransa kitabu kikubwa kuhusu kitenzi cha Kiubykh. Jina la Dumézil lilifuatwa na la Esenç akiwa mshirika wake. Ni heshima ambayo wanakijiji waliowasaidia wasomi hawakuipata mara kwa mara.

Hata hivyo, yapo ambayo vitabu havikuweza kuyatenda. Esenç alikuwa na wana watatu wa kiume, na hakuna hata mmoja wao aliyekizungumza Kiubykh. Mtu aliyewafundisha maprofesa lugha ya babu zake aliongea na wanawe kwa Kituruki.

Huenda msomaji akaikumbuka hapa methali isemayo kuwa mwacha mila ni mtumwa. Lakini tusiwe wepesi wa kulaumu. Baada ya Jamhuri ya Uturuki kuundwa mwaka 1923, wananchi wote walihimizwa kutumia lugha moja, na mwaka 1928 ikaanzishwa kampeni ya kuwataka raia wazungumze Kituruki hadharani. Shule, jeshi na ajira vyote vilitumia Kituruki. Wacherkesi nao walikuwa wengi kuliko Waubykh, na kwa kuwa tangu zamani Waubykh walikielewa Kicherkesi, ilikuwa rahisi kwao kuiacha lugha yao hata miongoni mwa wahamiaji wenzao.

Kwa hivyo, mzazi wa Kiubykh aliyetaka mwanawe apate kazi hakuona faida ya kumbebesha lugha iliyosikika katika vijiji vichache tu. Kila mzazi alifanya uamuzi wenye busara kwa nyumba yake. Jumla ya maamuzi hayo ikawa kifo cha lugha.

Dumézil alifariki Oktoba 1986, akamwacha nyuma mwalimu wake. Kadiri miaka ilivyosonga, Esenç alibaki bila mtu wa kujibizana naye kikamilifu kwa lugha ya utoto wake. Waliobaki kumtembelea walikuwa wageni waliojifunza lugha hiyo vitabuni, huku wakitamka sauti zake kwa taabu.

Alikuwa akiufahamu fika wadhifa huo asiouomba. Mwaka 1984, miaka minane kabla ya kifo chake, alieleza kwamba angependa jiwe la kaburi lake liandikwe kuwa hapo amelazwa Tevfik Esenç, mtu wa mwisho aliyeweza kuizungumza lugha iliyoitwa Kiubykh.

Lugha nyingine za kundi lake zingali hai. Kiabkhazia, Kiadyghe, Kikabardi na Kiabaza zinazungumzwa katika Kaukazi, na pia miongoni mwa vizazi vya waliohamishwa Uturuki na Mashariki ya Kati, ingawa katika nyumba nyingi za ughaibuni watoto wanaziacha. Waabkhazia hawakuwasahau majirani wao: mwaka 1974, mwandishi wao Bagrat Shinkuba alitoa riwaya mashuhuri kuhusu hatima ya Waubykh, Esenç akiwa bado hai.

Sauti yake nayo imehifadhiwa. Baadhi ya kanda alizonaswa akisimulia zimetunzwa nchini Ufaransa, na leo yeyote aliye na intaneti anaweza kuzisikiliza. Mojawapo ni kisa kifupi cha kuchekesha kuhusu wasafiri wawili, mmoja amebeba jibini na mwingine samaki, na madai kwamba kula samaki huongeza akili. Ni hadithi ya aina ambayo babu yeyote angeweza kuwasimulia wajukuu zake jioni.

Kutokana na kazi ya mzee huyo, mwanafunzi wa leo anaweza kuijua sarufi ya Kiubykh, kuyasoma maneno yake katika kamusi na kuusikia utamshi wake halisi. Lugha nyingi zilizotoweka hazikuacha hata sehemu ndogo ya urithi huo. Lakini kinachoifanya lugha iishi ni mtoto anayeulizwa kitu kwayo na kujibu kwayo bila kufikiri. Esenç alikuwa mtoto wa namna hiyo nyumbani kwa babu yake huko Hacı Osman. Baada yake hapakuwa na mwingine.