Gavana Jackson na Ndege wa Masaba

Jabali la Wanale, lisimamalo juu ya mji wa Mbale, ni mkono mmoja wa Mlima Elgon, ambao wenyeji huuita Masaba. Katika mlima huo kipo kilele chenye jina la Frederick Jackson, Mwingereza aliyeupanda mwaka 1890.

Jackson alizaliwa mwaka 1860, akafika Lamu mwaka 1884 kwa ajili ya uwindaji. Tarehe 19 Oktoba 1897, katika vita na askari wa Kisudani walioasi, alijeruhiwa vibaya kwa risasi kwenye kilima cha Luba, nchini Busoga. Alipona, na mwaka 1911 akawa Gavana wa Uganda. Sisi hatumkumbuki kwa utawala huo, kwani ulikuwa wa kikoloni. Twamkumbuka kwa subira yake katika kukusanya ndege.

Ndege wake walipelekwa London, pamoja na habari za mahali walipopatikana. Mwaka 1891 mtaalamu Bowdler Sharpe alitangaza miongoni mwao chozi mpya, kutoka Sotik. Chozi huyo na mwenziwe wa nyanda za juu za Kenya hufanana kama askari wawili waliovaa sare moja: mgongo wa kijani unaong'aa, ukanda mwekundu kifuani. Lakini juu ya mkia mmoja ana rangi ya zambarau, na mwingine buluu.

Hata hivyo, jicho lina mpaka wake. Mwaka 2004 wataalamu walilinganisha chembe za urithi za machozi wa jamaa hiyo katika milima ya Tanzania. Ikadhihirika kwamba ndege wa Usambara, aliyehesabiwa kuwa wa aina moja na yule wa Kilimanjaro, ana nasaba yake mwenyewe.

Siku hizi hata ngozi kavu ya ndege wa kale, ikikatwa kipande kidogo cha wayo, huweza kutoa chembe hizo. Lakini mahali ilipotoka pasipojulikana, ushahidi wake hupungua nguvu. Askari polisi analifahamu jambo hili: kielelezo kisichoandikwa kilipookotwa hakisaidii sana mahakamani.

Jackson alifariki mwaka 1929. Kitabu chake kikubwa juu ya ndege wa Kenya na Uganda kilikamilishwa na mwingine, kikatoka mwaka 1938. Hakujua habari za chembe za urithi. Lakini waliokuja kuzichunguza walihitaji kumbukumbu za namna ile ile: ndege gani, kutoka wapi.